Muulize Shangazi wa Sinema: Tuzo Kibao, Mbona Mi Nimelala?

Toleo lililopita niliwachokoza kidogo, nikauliza ni picha gani dunia nzima inaisifia ila wewe ukiitazama unabaki unajiuliza hivi hawa wameona nini. Kumbe nimetekenya nyuki. Barua zimekuja mpaka mhariri akanipigia kuuliza nimewafanya nini watu, wengine wamenifokea mimi kwa picha ambazo sikuzitengeneza, na kuna mmoja kaandika kurasa nne kuhusu Avatar peke yake, nimezisoma zote na chai yangu. Nimechagua chache, zingine mnisamehe nafasi ni ndogo. Na yule mzee wa Kigoma anayesema picha yoyote isiyo na Bruce Lee imesifiwa bure, shikamoo baba, nimekusikia.

Shikamoo Shangazi. Niko chuo hapa Morogoro nasomea mambo ya habari. Mwalimu katuambia kama hujaangalia Citizen Kane usijiite mtu wa sinema, basi nikajiunga bando la wikiendi nikaishusha yote. Shangazi nimelala mara tatu. Haina rangi, wazee wanaongea tu, mtu anakufa mwanzoni afu picha nzima wanaulizia habari zake utadhani tuko msibani. Mi ndo mshamba au tunadanganyana? (Msinziaji, Morogoro)

Marahaba mwanangu. Mshamba sio wewe, na mwalimu wako hajakudanganya, ila kakupa dawa bila kukwambia inatibu nini.

Orson Welles anaitengeneza ile kitu ana miaka 25, katoka redioni na jukwaani, ndo picha yake ndefu ya kwanza, na kampuni ya RKO ikampa uhuru ambao watu wazima wenye majina walikuwa hawaupati. Ikatoka 1941. Sasa kumbuka pale mtoto anacheza kwenye theluji, yuko mbali huko nje unamwona kupitia dirishani, ndani mama yake anasaini karatasi za kumkabidhi kwa mtu wa benki aende kulelewa, na wote unawaona vizuri kabisa, wa mbele na wa nyuma, hakuna aliyefifia. Hiyo ni kazi ya mpiga picha wake, Gregg Toland. Kuna sehemu wameishusha kamera chini mpaka ikabidi wachimbe sakafu, unaangalia mtu kutokea miguuni na dari unaliona, wakati vyumba vingi vya studio enzi hizo havikuwa na dari maana juu ndo taa zinakaa, wao wakatandaza kitambaa kikawa dari. Na ile hadithi kusimuliwa na watu tofauti, kila mtu na Kane wake, ndo huo msiba ulioutaja, na wala hujakosea, ni msiba kweli, kila anayenyanyuka kuelezea habari za marehemu anaishia kuelezea habari zake mwenyewe.

Shida ni kwamba hayo yote umeshayaona mara mia kwenye picha zilizokuja baadae zikaiga, mpaka kwenye video za bongofleva. Yule mtu wa kwanza kabisa kuvunja mayai juu ya chipsi lazima watu walisimama kumshangaa. Leo nikikuletea sahani ileile nikwambie onja, hii ndo chipsi mayai ya kwanza duniani, utaniambia mbona ya kawaida Shangazi, tena za pale Msamvu zinakuja na kachumbari.

Afu hilo jina la "picha bora ya dunia" nalo lina historia yake. Kuna jarida la Uingereza linaitwa Sight and Sound, tangu 1952 kila baada ya miaka 10 linawauliza wachambuzi. Mara ya kwanza ilishinda Bicycle Thieves ya Italia na Kane haikuwemo hata kwenye kumi bora! 1962 ikapanda juu ikakaa kileleni mpaka 2012 ilipotolewa na Vertigo ya Hitchcock, na 2022 zote mbili zikapitwa na Jeanne Dielman ya Chantal Akerman, ambayo kwa zaidi ya masaa matatu tunamtazama mama mjane anapika, anatandika kitanda, anamenya viazi (sijakwambia uiangalie, bando ni lako). Picha ni ileile ya 1941, haijaongezwa wala kupunguzwa sekunde, waliobadilika ni wanaoulizwa. Na mwaka wake yenyewe iligombea Oscar tisa ikaambulia moja, ya skripti.

Mi binafsi? Nusu ya kwanza naipenda sana, akishaanza yule mke wa pili na opera yake hapo natafuta simu. We fanya hivi, usiirudie yote. Nenda pale Kane na mke wake wa kwanza wanakunywa chai asubuhi, ndoa nzima inakufa mezani ndani ya dakika mbili tatu, wanaanza wamekaa karibu wanachekeana, wanamaliza kila mtu kona yake na mke anasoma gazeti la wapinzani wa mumewe. Ukilala na hapo, njoo tena tuongee.

Shangazi, au nikuite dada maana nahisi tunalingana. Nina ndoa ya miaka 22, na kila mwaka mke wangu lazima aangalie Titanic na lazima alie. Mi nasema hiyo ni picha gani steringi anakufa, tena anakufa kwa kumwachia mpenzi wake mlango unaoelea majini? Tulianza nayo ikiwa kanda mbili za VHS, sa hivi iko kwenye simu, kilio ni kilekile. Tusuluhishe. (Mume wa Titanic, Tanga)

Kaka yangu, dada inatosha, shangazi ni la kazini.

Steringi hafi, hiyo ni katiba ya kibanda umiza na mi nimekulia humo. Kwetu ilipokuja Titanic banda lilijaa mpaka watu wakakaa juu ya makreti ya soda, na Jack alipozama kuna vijana walisimama wakadai warudishiwe hela zao, mwenye banda akajitetea kwamba kanda ndo iko hivyo, wakamwambia basi weka nyingine ambayo hafi. Kwa hiyo madai yako nayaelewa toka zamani.

Na una haki zaidi ya unavyodhani. Titanic ilitajwa kwenye vipengele 14 vya Oscar ikabeba 11, sawasawa na Ben-Hur ya 1959, ila ukitafuta skripti kwenye zile 14 haipo. Haikutajwa kabisa! Tangu The Sound of Music ya 1965 hakuna picha nyingine iliyokuwa imechukua Picha Bora bila hata kugombea skripti. DiCaprio, huyo Jack mwenyewe, naye hakutajwa. Yani wapiga kura wenyewe walijua maneno ya mle ndani ni mepesi, mahaba ya kitoto, tajiri mbaya masikini mzuri, tumeyaona kwenye picha za kihindi tena na nyimbo bora zaidi, wakaipa hivyohivyo.

Walichopigia kura ni meli. Direkta wake, James Cameron, aliyafuata mabaki yenyewe chini ya bahari, alizama mara 12 mwaka 1995, afu akajenga meli karibu ya ukubwa kamili kule Mexico kwa ajili ya kuja kuizamisha, na ile saa ya mwisho sakafu inapoinuka na sahani zinamwagika kwenye makabati mpaka leo hamna kompyuta iliyoniogopesha vile. Mlango nao usimbebeshe mkeo, Cameron mwenyewe umemsumbua hadi 2023 akafanya majaribio kwenye maji baridi na watu wawili kwa ajili ya televisheni, akakubali kwamba kwa kujipanga vizuri huenda Jack angepona.

Ila kaka, hivi una uhakika mkeo anamlilia Jack? Mtazame vizuri safari ijayo analia saa ngapi. Mi nnavyojua wanawake wa umri wetu wanalia kwa yule bibi, mpenzi wa Jack akiwa mzee, kaigizwa na Gloria Stuart, aliyekaa na jambo lake moyoni miaka 84 na mumewe akafa bila kulijua. Ningekuwa wewe ningekaa kimya nimpe leso.

Shangazi jibu fupi tu. Hizi Oscar ni rushwa au ni nini? Maana kila mwaka inashinda ambayo kijiweni kwetu hakuna hata mtu mmoja kaipenda. (Wa Kijiweni, Kahama)

Rushwa ni neno zito tuliache, ingawa kampeni zipo na hela inamwagwa kweli. Ila kuna kitu watu wengi hawakijui, nacho ni hesabu yenyewe. Wapiga kura ni karibu 10,000, wote watu wa fani, na kwenye Picha Bora, toka waliporudisha mtindo huu 2009, mtu hachagui moja, anazipanga, ya kwanza, ya pili, ya tatu mpaka chini. Zikihesabiwa namba moja zote na hakuna iliyovuka nusu, ile ya mkiani inatolewa na kura zake zinahamia kwenye chaguo lililofuata la walewale wapiga kura, wanarudia hivyo mpaka moja ivuke nusu. Sasa we fikiria picha ambayo theluthi moja wanaipenda kama wendawazimu na waliobaki hawataki hata kuisikia, hiyo haitoboi. Inayotoboa ni ile yenye namba moja za kutosha isitolewe mapema, na kwa waliobaki imekaa ya pili au ya tatu. Ni kama kamati ya harusi inachagua chakula, mwisho wa siku inapita pilau, sio kwamba pilau ndo chakula kitamu kuliko vyote ila hakuna mgeni atakayesusa.

Na kabla ya huo mtindo pia walikuwa wanateleza. Ya mwaka 1994 walimpa Forrest Gump, wakawaacha Pulp Fiction na The Shawshank Redemption, hii ya pili iligombea saba haikupata hata moja, na kwenye majumba ya sinema ilikuwa imedoda, ilikuja kufufukia kwenye kanda na televisheni. Crash nayo iliipiga Brokeback Mountain mwanzoni mwa 2006 watu wakabaki midomo wazi, na direkta wake Paul Haggis alipoulizwa miaka karibu kumi baadae kama kweli ndo ilikuwa picha bora ya mwaka ule akajibu hadhani. Mwenye mali mwenyewe! Kijiwe chenu kiko salama.

Salamu Shangazi kutoka Nairobi. Mimi ni dereva wa tours, nabeba wageni. Kila wiki lazima nipate mmoja anataka nimpeleke Karen akaone nyumba ya Karen Blixen, yule mama wa Denmark aliyeandika kitabu cha Out of Africa, anafika kwa veranda anaangalia vilima vya Ngong anakaribia kulia. Nikasema wacha basi niione hii Out of Africa. Masaa mbili na dakika arobaini! Huyo mpenzi wake, Finch Hatton, alikuwa Mwingereza, sasa mbona anaongea kama cowboy? Na watu wetu wako hapo nyuma wakibeba masanduku na kusubiri kuitwa. Lakini nikiambia wageni hivyo nitakosa tip. Ni mimi sioni ama? (Dereva, Ngong Road)

Ndugu yangu unaona vizuri sana, na nimefurahi swali hili limetoka kwa mtu anayeijua ile barabara.

Tuanze na cowboy. Robert Redford alianza na lafudhi ya Kiingereza, direkta Sydney Pollack ndo akaona itawachanganya watazamaji waliomzoea, wakaiacha. Matokeo yake Meryl Streep kahangaika na Kiingereza cha Kidenmark toka mwanzo hadi mwisho, anakipatia mpaka raha, afu anakuja kumpenda bwana wa kwao California. Mi kila nikiangalia hilo jambo linanitoa kwenye picha, ni kama mtu avae kanzu na helmeti ya bodaboda.

Sasa hesabu. Picha ilitoka 1985, ikagombea Oscar 11 ikabeba 7, picha bora, direkta, na kadhalika. Usiku uleule ilikuwepo The Color Purple ya Steven Spielberg, Whoopi Goldberg na Oprah Winfrey humo ndani, maisha ya wanawake weusi kule Georgia, nayo ikagombea 11. Ilipata ngapi? Sifuri. Nazirudia taratibu maana watu huwa hawaamini, 11 kwa 7, na 11 kwa sifuri. Color Purple nayo ilikuwa na wakosoaji wake wakali, tena wengine weusi wenyewe, ila nikikaa nikaziweka hizo namba mbili pembeni napata picha ya ule ukumbi walikaa akina nani na walitaka kuota nini usiku ule.

Maana ni ndoto kwa kweli. Muziki wa John Barry, kamera ya David Watkin, ile ndege ndogo inapita juu ya bonde na ndege wanaruka ziwani, pale hata mimi Mtanzania mwenye wivu natulia. Kama wangetoa tuzo za muziki na kamera wakaishia hapo, mi na wewe tusingekuwa na kesi. Kesi yetu ni hayo mapenzi yenyewe, yametandazwa kwenye dakika 161 na ukiyakunja vizuri yanaenea kwenye leso, wanaoshana nywele mtoni, wanasikilizisha nyani santuri, anaondoka, anarudi, anaondoka tena. Kahawa inayomfilisi mama wa watu, shamba liko juu mno baridi inaiua, hiyo ndo hadithi ningetaka kuijua zaidi, mtu kakaa Kenya toka 1914 hadi 1931 anapigana na kitu ambacho ardhi yenyewe imekataa. Na hiyo ardhi kabla yake ilikuwa ya nani? Picha inagusa kidogo mwishoni, anapopiga magoti kumwomba Gavana awaachie Wakikuyu mahali pa kukaa, afu tunarudi kwenye ndege.

Watu wetu nao, sio kwamba hawana majina. Farah ameigizwa na Malick Bowens, mtu wa Mali, na kwa macho yale peke yake anambeba Streep kwenye sehemu nyingi wanazokutana. Yupo, anafikiri, unaona kabisa anafikiri, ila hamna hata dakika moja tunamfuata akitoka pale mlangoni kwenda kwake. Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa ameshakishambulia kitabu cha yule mama kwa maneno makali miaka kadhaa kabla hata picha haijatengenezwa, kwa hiyo hili la kwako wala sio jipya, lina wazee wake.

Kuhusu tip nina wazo. Usiwaambie picha ni mbovu. Mkifika pale verandani (jumba lenyewe limekuwa makumbusho 1986, mwaka mmoja tu baada ya picha, kwa hiyo picha nayo imekulisha, tuseme ukweli), waulize kama wanamkumbuka Kamante, yule mtoto mpishi mwenye kidonda mguuni. Wote watasema ndiyo. Waambie Kamante alikuwa mtu kweli, na alipozeeka akasimulia mambo yale kwa upande wake, yakatoka kitabu 1975, miaka 10 kabla ya Hollywood kuja. Longing for Darkness, Peter Beard ndo alisimamia. Afu nyamaza uwashe gari. Nakuhakikishia mpaka mnafika mjini watakuwa wanakuuliza wewe maswali.

Shikamoo Shangazi, mimi ni kijana wa Iringa. Nikisema Black Panther sio kali kivile washkaji wananiambia nimekataa Uafrika. Nisaidie. (Nimetengwa, Iringa)

Marahaba. Uafrika wako uko palepale, na kiti chako kijiweni wakurudishie.

Ile ya 2018 kuna vitu viwili vimepandana, picha na siku. Siku ilikuwa kubwa mno, watu walienda sinema na vitenge na kanzu, Lupita wetu wa Kenya yuko humo, wanaongea Kixhosa, sauti ya Baaba Maal wa Senegal inapasua spika. Tuzo zake tatu za Oscar nazikubali zote bila ubishi, mavazi ya Ruth Carter, ule mji wa Hannah Beachler na muziki, na wale wadada wawili ndo walikuwa weusi wa kwanza kushinda kwenye vipengele vyao. Hapo usiguse. Ila pambano la mwisho kule chini kwenye reli, watu wawili wa kompyuta wanarushiana makucha kwenye giza, hapana, lile ni gemu la simu. Na adui kaongea hoja nzito kuliko steringi halafu picha haijui imfanye nini ikaona bora imuue. Waambie washkaji wako kwamba sehemu kubwa imepigwa Atlanta, Marekani, labda wapoe kidogo.

Ya harakaharaka

Wa kurasa nne za Avatar: ni kweli ndo iliyoingiza hela nyingi kuliko picha zote, zaidi ya dola bilioni 2.9. Sasa nitajie majina matatu ya wahusika bila kushika simu. Nasubiri.

Wa Arusha anayeuliza manyani wa 2001: A Space Odyssey wanaisha lini na binadamu wanaanza kuongea lini: dakika kama 25 hivi. Pika wali kwanza.

Wa Mbagala anayetaka nikiri kwamba Vuta N'kuvute ya Amil Shivji inaenda polepole: inaenda polepole, nakiri, na riwaya ya Shafi Adam Shafi ina mbio zaidi, ila rangi zile za Zanzibar ya usiku nisingekubali zipunguzwe hata dakika moja. Tusigombane.

Shangazi shikamoo. Nakuandikia kutoka Muscat, nafanya kazi za ndani, huu mwaka wa nne. Uliisifia sana Roma humu ukasema kila mtu aiangalie. Nimeiangalia kwa simu usiku watoto wakishalala, siku mbili. Inaanza na maji ya deki kwenye sakafu muda mrefu, watu wanasema ni urembo, Shangazi hiyo sakafu mi naijua. Nilichokiona ni dada anapendwa na nyumba nzima ila hakuna anayemuuliza kitu. Haongei. Kwao sikupaona. Ardhi ya mama yake imechukuliwa, inatajwa kwa sentensi moja picha ikaendelea. Mwisho anawaokoa watoto baharini na hajui kuogelea, wanamkumbatia wanasema wanampenda, afu wanarudi nyumbani anapanda ngazi na furushi la nguo chafu. Mbona mlilia? Mi sikulia. (Dada wa Jikoni, Muscat)

Marahaba mwanangu, na pole na kazi. Barua yako niliisoma mara tatu, afu nikaenda kutafuta nilichokuwa nimeandika mimi. Niliandika kuhusu mwanga. Nikaandika aya nzima kuhusu mawimbi, jinsi kamera inavyomfuata yule dada baharini bila kukatwa. Kuhusu mtu mwenyewe niliandika kwamba ana "uso mtulivu".

Nikupe kwanza ninavyoijua. Alfonso Cuarón aliitengeneza 2018 kutokana na utoto wake Mexico, na yule dada ni kumbukumbu ya yaya wake, Libo, picha imetolewa kwa heshima yake mwishoni. Kamera kashika mwenyewe. Ilichukua Oscar tatu, direkta, upigaji picha, na picha ya lugha ya kigeni, ndo mara ya kwanza Mexico kuipata hiyo. Yalitza Aparicio aliyeigiza kama Cleo alikuwa kasomea ualimu wa chekechea, katokea Tlaxiaco huko Oaxaca, hajawahi kuigiza maishani, na akagombea mwigizaji bora wa kike. Kwa hiyo wenye kuisifia hawakuwa wanasifia upepo. Ila wapo wachambuzi waliosema hichohicho unachosema wewe, kwamba mwenye picha anampenda huyu mtu kiasi cha kumtengenezea picha nzima na bado hajampa maneno. Mi niliwasoma wakati ule nikawaona wakorofi.

Wewe umenionyesha kamera ilikosimama. Imesimama pale alipokuwa anasimama yule mtoto wa mwenye nyumba, inamwona dada akiingia na sinia, inamwona akitoka, na hata inapomfuata mjini macho yake ni yaleyale ya sebuleni. Mimi nililia kwa sababu na mimi nilikuwa sebuleni. Kwetu tulikuwa na dada, alikaa na sisi miaka sita, mpaka leo nikisikia harufu ya uji wa ulezi namkumbuka yeye kabla ya mama yangu, na nnachojua kuhusu kwao ni kwamba ni Singida. Singida kubwa hiyo.

Kitu kimoja tu sikuachii. Pale ufukweni wamekumbatiana, yeye anasema hakutaka azaliwe yule mtoto wake aliyetoka tumboni amekufa. Ndo sentensi pekee anaisema kwa ajili yake mwenyewe, na nafikiri kila kilichotangulia kinaisubiri ile, mpaka huo ukimya uliokukera. Ila ndo hivyo, akishaisema wanamwambia wanampenda, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Basi nakuuliza wewe. Ungekuwa ndo direkta, wamerudi nyumbani, furushi liko mkononi, yuko kwenye ngazi, angesema nini na angemwambia nani? Niandikie, iwe fupi au ndefu, nimeshamwomba mhariri ukurasa wa toleo lijalo, na malipo ni yaleyale wanayopata waandishi wengine, nimeuliza yanaweza kukufikia huko au kama unataka yatumwe moja kwa moja nyumbani.